Rozari Mfukoni Mwangu

Sehemu ya Tano

Wiki iliyopita niliwaacha juu ya lori, vijana wanane tumekaa kwenye magunia ya mahindi tunaimba, nami mfukoni nimebeba kitu kisichokuwa changu. Tangu hapo mhariri amenipa barua tatu za wasomaji. Mmoja wa Mbalizi ameniita mnyama. Barua yake iko hapa mezani ninapoandika. Sijaijibu, maana sioni pa kumpinga.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, kisa chenyewe ni hiki.

Mwaka 1957 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu huko Iringa. Tulikuwa na kundi la wanaume wanane tukiimba kwa sauti tupu, bila kinanda, bila ngoma, bila hata kupiga makofi. Kiongozi nilikuwa mimi, Asukile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtoto wa mzee wa kanisa la Moravian.

Sifa yangu ilikuwa moja tu: eti nina sikio. Viongozi wengine walitafuta toni ya kuanzia kwa kile chuma cha kugonga gotini. Mimi nilikuwa naweka kiganja sikioni, nafumba macho kama ninayesikiliza mbinguni, halafu natoa do kamili kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Walimu walitikisa vichwa. Wageni waliniomba nirudie.

Ulikuwa uongo mtupu. Sikio lilikuwa la Crispin.

Crispin alikuwa Mhehe wa Kalenga, sauti ya kwanza, na siku zote alisimama nyuma ya bega langu la kulia. Nikishaweka kiganja sikioni, yeye alikuwa anaguna toni ile mdomo umefumbwa, ndogo kama mbu, akanipa mimi, nami nikaipaza kwa wenzetu. Miaka miwili tulifanya hivyo na hakuna aliyejua. Yeye aliona ni mchezo. "Wewe una sura ya kuongoza, mnyalukolo," aliniambia, yaani ndugu wa ukoo. "Mimi nina masikio tu. Tugawane."

Basi Alhamisi ile, saa moja kabla ya lori kutuchukua kwenda Mbeya kwenye mashindano ya vyuo, dada yake Tekla alikuja getini. Wanawake hawakuruhusiwa kupita geti. Aliyekuwa karibu nilikuwa mimi.

"Kaka, mwambie Crispin mama yuko hali mbaya sana. Hasemi kitu, anamtaja yeye tu. Asiende Kalenga, tumemhamishia Ifunda kwa mjomba Silvester, karibu na zahanati. Aje leo leo. Mimi narudi na gari lililonileta, mama nimemwacha na majirani."

Akanipa rozari ya mama yao. Siku zile mkuu wa chuo hakutoa ruhusa kwa maneno matupu, kwa sababu wanafunzi tulikuwa tumewaua bibi zetu mara tatu tatu ili twende nyumbani kula ugali wa maana. Kwa hiyo jamaa walijifunza kuleta alama, kitu ambacho mwenyewe akikiona ataamini na kwenda kumwonyesha mkuu.

"Nitamwambia, dada," nilisema.

Sikumwambia. Crispin angeondoka, na nisingekuwa na wa kunipa toni. Lori lilipofika Ifunda lilisimama kutia maji kwenye rejeta. Crispin akaruka chini, akanyoosha miguu, akanionyesha miti ya mikaratusi. "Nyuma ya ile miti ndipo anapokaa mjomba wangu. Tukirudi na kombe, nitashuka nimsalimie."

"Utashuka," nilimjibu.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa nisikilizeni ya Mbeya.

* * *

Jumamosi asubuhi tuliamkia kwenye darasa la shule ya misheni tulikolazwa. Baridi ya Mbeya mnaijua. Nilikuwa nimeshalala na rozari ile usiku wa pili, nimevaa koti, kwa sababu mabegi yetu yalikuwa yamerundikwa pamoja na kila mtu alipekua la mwenzake kutafuta sabuni.

Niliamka nimeamua. Basi la Iringa lilikuwa linaondoka saa tano. Nilijisemea, Asukile, mwambie sasa hivi, kabla hujala chochote.

Nikamkuta Crispin anapiga pasi kaptula za kundi zima. Pasi ya mkaa ilikuwa imemkubali yeye tu, sisi wengine tulikuwa tunaunguza.

"Crispin."

"Lete na yako. Imekunjamana kama sikio la mbuzi."

"Nina neno."

"Mimi kwanza," alisema. Akaweka pasi chini, akafungua begi lake, akatoa shali ya sufu, rangi ya kahawia. "Jana tuliposimama Uyole ndipo niliponunua. Ya mama. Ana kifua kibaya, baridi ya Juni inamtesa. Shika uone. Nzito, sivyo?"

Nikaishika. Ilikuwa nzito kweli.

"Atafurahi," nilisema.

"Atanigombeza kwanza, halafu atafurahi. Neno gani ulikuwa nalo?"

Ndugu msomaji, mdomo ulikuwa wazi. Maneno yalikuwa manne tu: mama yako ni mgonjwa. Nikayatafuta, nikatoa mengine.

"Nilitaka kukuuliza, umelala vizuri?"

Akanitazama, akacheka, akarudi kwenye pasi. Nikatoka nje.

Nje nilimkuta Jailos, besi yetu, Mnyakyusa mwenzangu, anapiga mswaki. Nikafikiri, huyu nitamzungukia.

"Jailos, tuseme Crispin akiugua leo. Tunaweza kuimba?"

"Anaumwa?"

"Nasema tuseme."

Jailos akatema mate, akapangusa mdomo. "Gideoni anaijua sauti ya kwanza. Atapungukapunguka, lakini ataifikia. Tatizo lingekuwa wewe ukiugua. Nani atatupa toni? Mradi wewe upo, hata tukibaki watano tunaimba." Akanipiga begani. "Wewe ndiye sikio letu, mwana wa kwetu."

Kumbe mlango ulikuwa wazi! Crispin angeweza kwenda kwa mama yake, Gideoni akachukua sauti yake, kundi likaimba. Kilichozuia kilikuwa kimoja tu, nacho ni ule uongo wangu. Na sikuweza kumwambia Jailos. Niliona heri nife.

Basi nikaenda kujijaribu. Ukumbi ulikuwa bado mtupu, na pembeni kulikuwa na kinanda cha kanisa kimefunikwa shuka. Nikafumba macho, nikaweka kiganja sikioni, nikajiambia, Mungu wangu, leo tu. Nikatoa do ya wimbo wetu. Nikapiga kinanda.

Nilikuwa juu kwa sauti mbili nzima.

Nikajaribu tena. Nikawa chini. Mara ya tatu sauti yenyewe ilikwama kooni, na mama mmoja aliyekuwa anafagia akaniuliza kama nimepaliwa.

"Hapana, mama. Nafanya mazoezi."

"Pole, mwanangu," alisema, akaendelea kufagia.

* * *

Ikabaki njia moja. Kama tungeimba wa kwanza, saa tatu na nusu, tungekuwa tumemaliza kabla ya saa nne. Ningemshika Crispin mkono pale pale mlangoni, nimwambie yote, nimbebee begi mwenyewe mpaka kwenye basi. Angewahi. Toni ningeipata na mama yake angempata. Niliupenda mpango huo mpaka nikajiona mtu mwema.

Vyuo vilikuwa vinne. Ilipigwa kura ya karatasi ndani ya kofia. Nikaingiza mkono huku nasali, nikatoa karatasi, nikaikunjua.

Nne.

Nikamkimbilia kiongozi wa chuo kilichopata namba moja, jamaa mmoja mrefu anaitwa Sedekia.

"Ndugu yangu, tubadilishane. Tafadhali."

"Kwa nini?"

"Nina sababu."

"Asukile mwenye sikio anaogopa kuimba wa mwisho?" Akawaita wenzake waje wasikie. "Jamani, huyu anaogopa! Leo kombe letu."

Nikaondoka wakinicheka. Tukawekwa kwenye chumba cha nyuma tusubiri, kila kundi likiitwa peke yake. Ukutani kulikuwa na saa. Saa tatu na nusu ikapita. Saa nne ikapita. Tulisikia makofi ya kundi la pili, kisha ya la tatu. Crispin alikaa karibu yangu, begi lake miguuni, ananong'ona wimbo.

Saa tano kasorobo nikasema moyoni, sasa. Nikamgusa goti.

"Twende nje kidogo."

"Mkojo wa woga?" alisema, lakini akainuka. Nilikuwa nimeshashika kitasa. Naapa, safari hii nilikuwa ninakwenda kusema. Nilikuwa nimeishika rozari ndani ya mfuko, tayari kuitoa.

Mlango ukafunguliwa kutoka upande wa pili.

"Iringa! Jukwaani!"

* * *

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walimu na wachungaji walikaa mbele, wake zao nyuma yao, halafu watu wa mjini, wengine wamepakata watoto. Tukajipanga nusu duara. Crispin akasimama pale pake, nyuma ya bega langu la kulia. Nikapumua. Dakika tano tu, nikajisemea. Dakika tano za wimbo, na basi ni saa tano. Kituo kiko mbele ya ukumbi. Bado anawahi.

Mwamuzi alikuwa Bwana Eliezeri, mkaguzi wa shule, mzee mwembamba mwenye miwani na kengele ya mezani. Akasimama na karatasi.

"Kabla hamjaanza, kuna sharti jipya la mwaka huu. Mwaka jana kiongozi mmoja alificha chuma cha toni ndani ya leso, ingawa mashindanoni hakiruhusiwi, kukawa na ugomvi. Kwa hiyo viongozi wote wanatoa vilivyomo mifukoni mbele ya watu. Na napenda kusema," hapo akanitabasamia, "pendekezo hili lilitoka Iringa. Kijana Asukile alituandikia kwamba wao hawana cha kuficha."

Watu wakapiga makofi.

Ni kweli. Niliandika mimi, Machi, kwa majivuno, nikaisaini barua kwa wino mwekundu. Sikujibiwa, nikasahau. Sijawahi kuuchukia mkono wangu kama dakika ile.

Bwana Eliezeri akanisogezea sinia. Nikatoa leso. Nikatoa penseli. Nikatoa kitana.

"Mfuko wa ndani."

"Hakuna kitu, bwana."

"Kijana, sharti ni lako."

Watu wakaanza kunong'ona. Niliona Sedekia mlangoni, anasimama kwa vidole ili aone vizuri. Nikaingiza mkono, nikatoa rozari, nikaiweka kwenye sinia. Ilitoa sauti ndogo kama punje za mahindi.

 Kisha Jailos akashindwa kujizuia. "Asukile! Ukatoliki umeingia lini?" Kundi zima likacheka, wachungaji wakacheka, mpaka Bwana Eliezeri akavua miwani kupangusa macho. Mtoto wa mzee wa kanisa la Moravian kakamatwa na rozari!

Nyuma ya bega langu la kulia hapakuwa na kicheko.

Crispin akatoka kwenye mstari. Akaja mpaka kwenye sinia, akaiokota. Ilikuwa rozari ya mbegu nyeusi, na kati ya mbegu zile palikuwa na kifungo kimoja cheupe cha shati. Nilikuwa nimekiona kifungo hicho kwa siku mbili bila kukitilia maanani. Yeye kidole chake kilikwenda hapo moja kwa moja.

"Hii ni ya mama," alisema.

Kicheko kikaisha.

"Crispin, nilikuwa nataka kuku..."

"Niliikata nikiwa mdogo, mbegu ikapotea. Kifungo hiki nilikifunga mimi." Hakupaza sauti. "Nani alileta?"

"Tekla."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi tukiwa Iringa? Kabla ya lori?"

"Kabla ya lori."

Akaihesabu ile safari usoni kwangu, mahali baada ya mahali. Niliona alipofika kwenye kuimba kwetu juu ya magunia.

"Amekufa?"

"Hapana! Mgonjwa. Alikuwa anakutaja."

"Anataja jina langu, na wewe umekaa na mimi siku mbili. Umekula na mimi. Umeshika shali yake."

Nilitamani anipige. Nilimkaribia kidogo ili iwe rahisi. Hakunipiga. Alinitazama, na nikaona jinsi alivyokuwa anaelewa, taratibu, kwa nini.

"Kumbe ulikuwa unataka toni," alisema.

Akageuka akawatazama wenzetu, akafungua mdomo, akaitoa. Si ile ya mbu, ya kuguna mgongoni kwangu. Aliitoa kwa kifua chote, ikajaa ukumbi, imenyooka, safi, machozi yanamtoka na sauti haitikisiki. Jailos alimtazama yeye, akanitazama mimi. Nikajua amejua. Wote sita walijua.

"Haya," Crispin alisema. "Hiyo hapo, mnyalukolo."

Akaivaa rozari shingoni, akachukua begi lake pembeni ya jukwaa, akashuka. Watu wakampisha. Nikamwona anapita mlangoni, anamsukuma Sedekia kwa bega, anaingia kwenye jua.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Ifunda.

Sikumwambia Ifunda! Aliuliza nani, akauliza lini, akauliza kama amekufa. Hakuuliza wapi, kwa sababu kwake mama hukaa nyumbani, na nyumbani ni Kalenga. Atapanda basi. Basi litapita Ifunda, litapita ile mikaratusi, naye atakuwa amekaa ndani, shali mapajani, anaomba dereva akimbie. Atakwenda mpaka Kalenga aikute nyumba imefungwa. Kurudi Ifunda ni siku nyingine. Mama yake hakuwa na siku nyingine.

Ilitosha mtu mmoja kukimbia hatua mia moja na kupaza neno moja. Katika ukumbi ule neno hilo nililijua mimi peke yangu.

Kengele ya Bwana Eliezeri ikalia.

"Iringa, nasikitika kwa yaliyotokea. Lakini ratiba ni ratiba. Mnaimba au mnashuka?"

Nikagundua kwamba mikono yangu iko juu. Sijui niliinua saa ngapi. Ni mazoea tu. Toni ikitolewa, mikono hupanda. Na wenzangu, kwa mazoea yale yale, walikuwa wameshavuta pumzi, vifua vimejaa, macho kwangu. Kwetu mkono ukishuka, wimbo unaanza.

"Asukile," Jailos alinong'ona, uso umekauka. "Toni inapotea. Fanya moja. Shusha mkono, au mkimbilie."

Nje, ng'ambo ya barabara, basi likawashwa. Nilisikia mtu wa mizigo anagonga bodi, anaita waliobaki, "Chimala! Makambako! Iringa!" Honi ikapigwa mara moja.

Nilikuwa na toni sikioni. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu ilikuwa mle, nzima, wala sikuhitaji kunong'onezewa na mtu. Watu mia tatu walikuwa wananitazama, na Sedekia mlangoni anasubiri nishuke.

Niliwaahidi tangu sehemu ya kwanza kwamba sitaficha kitu. Basi someni.

Nilishusha mkono.

Wakaanza wote sita kwa pamoja, pale pale kwenye toni aliyotuachia, bila kukosea hata kidogo, na nje basi likapiga honi mara ya pili.